Soga za Wanigeria si Debe Tupu

Katika kila zama wamekuwapo watu wazima, na hasa wenye madaraka, ambao wakisikia vijana wakizungumza hutikisa vichwa. Huyaita mazungumzo hayo upuuzi, kelele za wasio na kazi, mvumo wa debe tupu. Katika nchi ya Nigeria dharau ya namna hiyo imeelekezwa kwa miaka mingi sasa kwenye soga zinazopigwa kila siku katika mitandao ya kijamii, ambako mamilioni ya raia wa nchi hiyo, wake kwa waume, hubishana juu ya muziki, filamu, mpira, mapenzi ya watu mashuhuri, bei ya mchele na mwenendo wa mawaziri wao, vyote kwa pamoja na mara nyingi kwa pumzi moja.

Dharau hiyo ni kosa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwenye kutaka kuielewa Nigeria ya leo, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, hawezi kuziacha soga hizo nje ya hesabu yake. Lakini lipo kosa la pili, ambalo ni pacha wa lile la kwanza, nalo ni la vijana wenyewe: kudhani kwamba soga ikishavuma sana basi kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba soga ni chanzo cha siasa ya umma, wala si mwisho wake. Serikali inayoisahau nusu ya kwanza ya ukweli huo hujiziba masikio, na umma unaoisahau nusu ya pili hujifunga mikono.

Yatazamwe mazungumzo ya siku moja ya kawaida. Asubuhi mjini Lagos, watu wamekwama katika msongamano wa magari ndani ya danfo, yale mabasi madogo ya rangi ya manjano, simu zikiwa mikononi. Mmoja ameandika kwamba Wizkid ni mkubwa kuliko Davido. Mwingine kutoka Port Harcourt anajibu kwamba wote wawili hawafiki kwa Burna Boy, ambaye mwaka 2021 alipata tuzo ya Grammy. Kufikia adhuhuri ubishi umegeuka, na sasa swali ni nani kati ya wanamuziki hao alisimama na wananchi siku ya shida na nani alinyamaza. Jioni mazungumzo yamefika kwa maseneta na mishahara yao. Hakuna aliyetangaza kwamba mada imebadilika, na kwa kweli haikubadilika. Kwa Mnigeria wa kawaida, swali la nani anastahili kushangiliwa na swali la nani anastahili kutawala ni tawi na shina la mti mmoja.

DESTURI YA ZAMANI

Vijana wa leo hawakuizua desturi hiyo. Katika miaka ya 1970 mwanamuziki Fela Kuti alikuwa na ukumbi wake mjini Lagos ulioitwa Afrika Shrine. Watu walikwenda huko kucheza muziki, lakini kati ya wimbo na wimbo Fela alisimama akawachambua wakubwa wa nchi, kwa Kiingereza cha mitaani kiitwacho Pijini, huku wasikilizaji wakimjibu kwa kicheko. Ukosoaji huo wa mzaha uliitwa yabis. Ulikuwa soga, lakini soga iliyowachoma waliovaa magwanda. Mwaka 1976 alitoa wimbo wa Zombie ulioudhihaki utii wa kijinga wa askari. Februari 18, 1977, askari wengi waliivamia nyumba yake, wakawapiga waliokuwamo na kuiteketeza kwa moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyekuwa mmoja wa wanawake mashuhuri kabisa katika harakati za kudai uhuru wa Nigeria, alitupwa kutoka dirishani na akafariki mwaka uliofuata. Uchunguzi uliofanywa ulisema kwamba uovu huo ulitendwa na askari asiyejulikana. Wananchi walilichukua jibu hilo wakaligeuza kuwa dhihaka, na Fela mwenyewe akalitungia wimbo.

Katika miaka ya 1980 mwandishi Ken Saro-Wiwa aliwachekesha Wanigeria kwa mchezo wa televisheni uitwao Basi and Company, uliohusu watu wa Lagos walioota utajiri wa haraka bila kutoka jasho. Kila aliyecheka alijua kwamba hao si watu wa mtaa mmoja tu, bali ni picha ya nchi iliyoleweshwa na fedha za mafuta. Novemba 10, 1995, mwandishi huyo huyo alinyongwa na serikali ya kijeshi ya Sani Abacha, pamoja na wenzake wanane, baada ya kuongoza harakati za Waogoni dhidi ya uharibifu wa ardhi yao uliotokana na uchimbaji wa mafuta. Hivyo watawala wa Nigeria wamejua siku zote kwamba mzaha si mzaha mtupu. Kama ungekuwa mzaha mtupu, wasingetuma askari.

MSAMIATI WA MAISHA

Soga za mitandao zimezaa msamiati wake, na msamiati huo ni hati ya hali ya watu kuliko hotuba nyingi. Neno sapa limekuwa jina la ukata, ule ukata unaomfika mtu katikati ya mwezi na kumnyima hata nauli. Neno la Kiyoruba japa, lenye maana ya kutoroka, limekuwa jina la safari ya daktari, muuguzi na mhandisi anayeondoka nchini kwenda Uingereza au Kanada kwa kukata tamaa. Maneno soro soke, yaani sema kwa sauti, yalitupwa mbele ya mkubwa aliyekuwa akinong'ona alipotakiwa kujieleza, yakawa mwito wa kizazi kizima.

Tena kuna emi lo kan, yaani sasa ni zamu yangu. Maneno hayo aliyatamka Bola Tinubu huko Abeokuta mwezi Juni 2022, alipokuwa akiwaeleza wanachama wa chama chake cha APC kwa nini yeye ndiye anayestahili kuteuliwa kugombea urais. Kabla ya majuma mengi kupita, maneno hayo yalikuwa katika kila mzaha wa nchi. Mtu akitaka kipande cha mwisho cha nyama sahanini husema emi lo kan, na anayesukuma wenzake katika foleni ya petroli husema hivyo hivyo. Watu walikuwa wakicheka, lakini ndani ya kicheko hicho kulikuwa na swali zito: je, uongozi wa nchi ni zamu ya mtu au ni dhamana ya umma? Swali la namna hiyo likiulizwa na mwanazuoni katika ukumbi wa chuo husikiwa na watu mia. Likiulizwa kwa mzaha wa nyama na foleni, husikiwa na nchi nzima.

OKTOBA 2020

Ushahidi mkubwa kwamba soga hizo si debe tupu ulionekana mwaka 2020. Mwaka huo, kuanzia Julai mpaka Septemba 27, mazungumzo ya vijana yalitawaliwa na mchezo wa televisheni wa Big Brother Naija, ambamo vijana hufungiwa ndani ya nyumba moja kwa majuma kadhaa huku kamera zikiwafuata, na watazamaji humpigia kura wanayempenda. Zilipigwa kura mamia ya milioni, kwa kuwa mtu mmoja huruhusiwa kupiga kura nyingi. Wapenzi wa kila mshiriki walijipanga kwa makundi, wakachangishana fedha, wakagawana zamu za kufanya kampeni. Watu wazima walisikitika wakisema: hiki ndicho kizazi kilichopotea.

Hazikupita siku kumi na tano, kizazi hicho kilikuwa barabarani. Mwanzoni mwa Oktoba ilisambaa video iliyozua hasira juu ya SARS, kikosi maalumu cha polisi kilichoundwa mwaka 1992 kupambana na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimegeuka kuwa kero yenyewe. Kijana aliyefuga nywele za rasta, au aliyebeba kompyuta ndogo mkobani, au aliyeonekana na simu ya bei kubwa, alikamatwa kwa tuhuma za utapeli, akapigwa na kudaiwa fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Tamko la EndSARS, yaani komesheni SARS, lilikuwa likizunguka katika mitandao tangu mwaka 2017. Sasa lilijaza barabara za Lagos, Abuja, Benin na miji mingine mingi.

Ni muhimu kuangalia jinsi kazi ilivyofanywa. Kikundi cha wanawake vijana kiitwacho Feminist Coalition, kilichoundwa mwezi Julai mwaka huo huo, kilikusanya zaidi ya naira milioni 147 kwa muda wa majuma mawili hivi. Fedha hizo zililipia chakula, maji, matibabu ya waliojeruhiwa na mawakili wa waliokamatwa. Njia za benki zilipozibwa, michango ilipokewa kwa sarafu za kidijitali. Na jambo lililowashangaza wengi katika nchi iliyozoea fedha za umma kuyeyuka ni kwamba kikundi hicho kilitangaza hadharani hesabu ya mapato na matumizi yake. Ustadi wa kujipanga, kuchangishana na kugawana zamu, ambao jana ulionekana kupotezwa katika mambo ya starehe, leo ulionekana katika jambo la uhai na mauti.

Oktoba 11 serikali ilitangaza kukivunja kikosi cha SARS. Vijana, waliokwisha kusikia ahadi za namna hiyo mara nyingi, hawakuondoka. Usiku wa Oktoba 20 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji waliokuwa wameketi penye kituo cha kulipia ushuru wa barabara cha Lekki mjini Lagos, wakiwa na bendera na kuimba wimbo wa taifa. Jeshi lilianza kwa kukanusha. Lakini msanii DJ Switch alikuwa hapo na simu yake akirusha picha moja kwa moja, na maelfu ya watu walikuwa wakitazama. Ripoti ya jopo la uchunguzi la jimbo la Lagos, iliyovuja Novemba 2021, iliwatia hatiani askari hao kwa kuwashambulia watu wasio na silaha, ingawa serikali iliyakataa mengi ya matokeo yake. Mwaka 1977 jibu la askari asiyejulikana lilitosha kulifunga faili. Mwaka 2020 halikutosha tena, kwa sababu walioshuhudia walikuwa wengi mno.

FIMBO YA WAKUBWA

Wakubwa waliitikiaje? Mwishoni mwa Oktoba hiyo hiyo Desmond Elliot, mwigizaji wa filamu aliyeingia katika Baraza la Wawakilishi wa jimbo la Lagos mwaka 2015, alisimama barazani akawalaumu vijana, washawishi wa mitandao na watu mashuhuri, na akataka mitandao idhibitiwe. Mtu aliyepata jina lake kwa soga za watazamaji wa filamu aliziona soga hizo kuwa hatari mara tu alipokaa kwenye kiti cha enzi. Yalimrudia, na baada ya siku chache akaomba radhi.

Mwezi Juni 2021 mtandao wa Twitter ulifuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari uliokumbusha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1967 mpaka 1970, kwa namna ambayo wengi waliiona kuwa ni kitisho. Juni 4 serikali ilitangaza kuusimamisha mtandao huo nchini, na tangazo hilo, kwa kichekesho cha historia, lilitolewa katika mtandao wenyewe wa Twitter. Marufuku ilidumu mpaka Januari 13, 2022, yaani zaidi ya miezi saba. Wafanyabiashara wadogo waliouza nguo na vyakula kwa njia hiyo walipata hasara, na vijana walitafuta vichochoro vya kupitia. Julai 2022 Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ilitamka kwamba marufuku hiyo ilikuwa kinyume cha sheria.

Novemba 2022 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Dutse, katika jimbo la Jigawa, alikamatwa kwa sababu ya ujumbe mfupi aliouandika kwa Kihausa kumkejeli mke wa Rais kwamba amenenepa kwa jasho la maskini. Mzaha ambao ungesahauliwa kwa siku mbili ulijulikana dunia nzima, na mwanzoni mwa Desemba kesi ikaondolewa. Aprili 2025 Tume ya Utangazaji ilivizuia vituo kuupiga wimbo wa Eedris Abdulkareem, Tell Your Papa, uliomlalamikia Rais Tinubu kupitia kwa mwanawe. Msanii huyo huyo alikwisha kupigiwa marufuku ya redio kwa wimbo wa Jaga Jaga katika utawala wa Olusegun Obasanjo, zaidi ya miaka 20 kabla. Na mara hii pia waliokuwa hawaujui wimbo wakautafuta.

Matukio haya yana funzo moja. Fimbo inayopiga soga hupiga maji, kwani maji hutawanyika na kurudi palepale, na mpigaji hubaki amelowa. Kiongozi mwenye busara angeuliza kwa nini mzaha wa unene umechekesha nchi nzima. Angejibiwa kwamba watu wana njaa. Jibu hilo lilikuwa likipatikana bure katika simu ya kila mtu, bila kumkamata mwanafunzi yeyote. Mdharau mwiba mguu huota tende, na soga ya leo ni mwiba ambao bado unaweza kutolewa kwa sindano.

KURA HAIPIGWI KWA MIZAHA

Sasa ni zamu ya upande wa pili wa ukweli. Mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, soga za Nigeria zilimbeba Peter Obi wa chama cha Labour, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Anambra. Wafuasi wake, waliojiita Obidient, walitawala mitandao usiku na mchana. Wapinzani waliwacheka wakisema kwamba hao ni watu wanne tu wanaoandika ujumbe wakiwa chumba kimoja.

Februari 25, 2023, watu wanne hao waligeuka kuwa kura zaidi ya milioni 6.1. Obi alishinda katika mji mkuu wa Abuja, na katika jimbo la Lagos, ngome ya Tinubu mwenyewe, alimzidi kwa kura zisizofika 10,000. Waliocheka wakanyamaza. Lakini Tinubu alipata kura karibu milioni 8.8, Atiku Abubakar wa PDP akapata karibu milioni 7, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wa Tinubu mwezi Oktoba mwaka huo.

Tarakimu yenye kuumiza zaidi ni nyingine. Walioandikishwa kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 93, na karibu asilimia 40 kati yao walikuwa vijana wa umri usiozidi miaka 34. Waliopiga kura hawakufika asilimia 30 ya walioandikishwa. Si haki kuwatupia vijana lawama yote. Uhaba wa petroli na wa noti mpya uliwakwamisha watu siku zile, vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, katika sehemu nyingine kulikuwa na vitisho, na ahadi ya Tume ya Uchaguzi ya kuonyesha matokeo ya urais mara moja kwa njia ya kielektroniki haikutimizwa ipasavyo. Hata hivyo hesabu ni hesabu. Nchi ambayo vijana wake wameweza kupiga mamia ya milioni ya kura kumchagua mshindi wa mchezo wa televisheni, ilimpata Rais wake kwa kura zisizofika milioni tisa.

Tofauti ni hii: katika mchezo, mpenzi mwenye ari anaweza kupiga kura nyingi akiwa kitandani, na ari ya wachache huonekana kama umati. Katika uchaguzi wa nchi, kila mtu ana kura moja, na hana budi kusimama juani kuipiga. Chama kilichoshinda hakikushinda kwa soga. Kilikuwa na mawakala katika vitongoji, na watu waliowajua wapiga kura kwa majina na nyumba. Maneno matupu hayavunji mfupa, na ujumbe uliosomwa na milioni moja hauhesabiwi katika sanduku hata kama kura moja. Aliye na soga bila mtandao wa watu wa mitaani amejenga paa bila nguzo.

SUMU NDANI YA ASALI

Lipo jambo la hatari zaidi ya uvivu. Soga hiyo hiyo inayounganisha inaweza kutenganisha. Baada ya Obi kushinda Lagos, na kabla ya uchaguzi wa gavana wa Machi 18, 2023, mitandao ilijaa maneno ya kikabila dhidi ya Waigbo wanaoishi katika mji huo, na siku ya kura watu waliodhaniwa kuwa Waigbo walitishwa na kufukuzwa vituoni. Baadhi ya maneno hayo hayakutoka kwa wahuni wa mitaani bali kwa watu wenye vyeo katika kampeni. Nchi iliyopoteza watu kwa mamia ya maelfu, na kwa makadirio mengi zaidi ya milioni moja, katika vita vya Biafra haina haki ya kuyachukulia maneno hayo kuwa mchezo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hata pasipo chuki, mzaha unaweza kuufunika msiba. Aprili 2014 wasichana 276 walitekwa na Boko Haram katika shule ya Chibok. Soga za Wanigeria ndizo zilizoulazimisha ulimwengu kusikia, kwa mwito wa Bring Back Our Girls. Lakini soga hizo hizo, mke wa Rais wa wakati ule alipolia mbele ya kamera, ziliyageuza maneno yake kuwa kichekesho kilichozunguka kwa miaka mingi. Wengi walikumbuka kichekesho wakasahau wasichana. Miaka kumi baadaye, zaidi ya 80 kati yao walikuwa bado hawajarudi kwao. Kicheko kisichorudi kwenye lililoumiza hukiacha kidonda palepale kilipokuwa.

KIWANJA CHA MWENYE MALI

Tena haifai kusahau kwamba baraza hili la Wanigeria limejengwa katika kiwanja cha watu wengine. Aprili 2021 kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba ofisi yake ya kwanza barani Afrika ingekuwa Accra, nchini Ghana. Wanigeria, ambao kwa wingi wao ndio waliokuwa wakiuchangamsha mtandao huo, walikasirika. Novemba 2022, baada ya tajiri wa Marekani Elon Musk kuinunua kampuni hiyo, karibu wafanyakazi wote wa ofisi hiyo ya Accra waliachishwa kazi, siku chache tu tangu waanze kuingia katika jengo lao. Hapo Wanigeria na Waghana waliofahamu walijifunza pamoja kwamba mpangaji hachagui rangi ya ukuta. Mabingwa wa habari wa Ulimwengu wa Tatu walipodai katika UNESCO, katika miaka ya 1970 na 1980, mpango mpya wa habari duniani, walisema kwamba taifa lisilomiliki njia zake za kusemea huazima hata sauti yake. Teknolojia imebadilika, na onyo hilo linabaki. Lakini dawa yake ni kujenga vyombo vya wenyewe vinavyoaminiwa na watu. Marufuku kama ile ya mwaka 2021 humnyang'anya mpangaji kiti, na kiwanja hubaki cha tajiri yule yule.

FUNZO LA KUCHUKUA

Mambo haya hayaihusu Nigeria peke yake. Mwaka 2014 Davido aliimba pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania katika toleo jipya la wimbo wa Number One, na tangu hapo soga za Lagos na za Dar es Salaam zimekuwa zikisikilizana. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walijipanga kwa simu zao wakaupinga Muswada wa Fedha mpaka Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Wanigeria, ambao mwezi huo huo walikuwa wakibanwa na mfumuko wa bei uliopita asilimia 34, waliyatazama hayo, wakayajadili, na Agosti 1 wakaanza maandamano yao wenyewe. Watu kadhaa waliuawa. Novemba mwaka huo watoto waliokamatwa katika maandamano hayo walifikishwa mahakamani Abuja kwa mashtaka makubwa ya uhaini, baadhi yao wakiwa dhaifu hata wakaanguka kwa njaa. Picha zilienea, nchi ikapiga kelele, na kwa muda wa siku chache Rais Tinubu akaagiza waachiliwe.

Kelele hizo ziliwatoa watoto gerezani. Hazikushusha bei ya mchele. Kufungua mlango wa gereza kunahitaji sauti kubwa ya siku nne. Kushusha bei ya mchele kunahitaji mabaraza, mabunge, vyama vya wafanyakazi, ushirika wa wakulima na kura, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo wenye madaraka, popote walipo, wafanye jambo moja rahisi: wasikilize. Waache kumtafuta aliyetunga mzaha, wautafute ukweli uliomfanya autunge. Na vijana wafanye jambo moja gumu: watoke barazani wakiwa na orodha ya kazi. Aliyebishana usiku juu ya mwanamuziki bora anao ulimi, anazo takwimu, anao marafiki katika kila jimbo, na amekwisha kujua namna ya kuchangisha naira. Kinachobaki ni kwenda kuuliza jina la diwani wake, kituo chake cha kura, na siku ya mkutano ujao. Wanigeria wamekwisha kuitikia mwito wa kusema kwa sauti, na dunia imewasikia. Uchaguzi wao mkuu unaofuata umepangwa mwaka 2027, na sanduku la kura halina masikio. Lina tundu moja tu, la kupitisha karatasi.